Apolo Milton Obote: Deni, Kura na Mpaka wa Busia na Malaba

Historia ya miji ya Busia na Malaba, upande wa Kenya, haiwezi kuandikwa ikakamilika bila kumtaja mtu ambaye hakuzaliwa huko wala hakuwahi kuwatawala wenyeji wake. Apolo Milton Obote alizaliwa tarehe 28 Desemba 1925 katika kijiji cha Akokoro, eneo la Lango, kaskazini mwa Uganda, mbali kabisa na mizani na magunia ya wafanyabiashara wa mpakani. Hata hivyo, mara mbili katika maisha yake alishika hatamu za nchi jirani, na mara zote mbili maamuzi yake kuhusu fedha, kazi na kura yaliwagusa Wateso, Wasamia, Wabukhayo na wageni wa kila kabila walioifuata biashara mpakani, pengine kabla ya kuwagusa wakuu waliokaa Nairobi. Kuyasimulia maisha yake kutoka upande huu wa mpaka ni kuyatazama kwa jicho ambalo waandishi wengi wa wasifu wake, wakishughulishwa na Kampala na Buganda, hawakulifungua.

Ni vyema kukumbuka kwamba mpaka wenyewe ni mchanga. Hadi mwaka 1902, nchi yote ya magharibi mwa Kenya ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mwaka huo Waingereza waliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuuweka chini ya Himaya ya Afrika Mashariki, kwa sababu walitaka reli yao iwe chini ya utawala mmoja. Wateso wakajikuta wamekatwa vipande viwili, na Wasamia vivyo hivyo. Shemeji akabaki ng'ambo, na shamba la mzee likawa na nchi mbili. Kwa muda mrefu jambo hili halikuwasumbua sana wenyeji, kwa kuwa pande zote mbili zilitumia shilingi moja, ile ya Afrika Mashariki, na aliyeuza ng'ombe Tororo aliweza kununua jembe Busia bila kumwendea mbadilishaji fedha. Uchungu wa mpaka ulianza kusikika pale fedha zilipotengana, na hapo ndipo jina la Obote linapoingia.

Alisomea Lira, kisha Gulu, kisha Chuo cha Busoga kule Mwiri, na mwaka 1948 akaingia Makerere. Hakuhitimu. Yasemekana kwamba tangu ujana alivutiwa mno na fasihi ya Kiingereza. Ali Mazrui ameeleza kuwa jina Milton alilichukua kwa heshima ya mshairi wa Kiingereza aliyetunga utenzi wa kupotea kwa peponi. Msomaji wa fasihi hawezi kuupita ukweli huu bila kutua kidogo: mtu aliyejipachika jina la mtetezi wa jamhuri aliyekataa ufalme ndiye aliyekuja kuziangusha falme za Uganda.

Baada ya Makerere alitafuta kazi, na kazi ikampeleka Kenya. Huko alifanya kazi katika kampuni ya ujenzi, akaishi miongoni mwa vibarua na makarani, na akajiunga na harakati za siasa za Waafrika wa Kenya katika miaka ambayo nchi hiyo ilitumbukia katika hali ya hatari. Reli ya kutoka Nairobi kwenda Kampala ilipitia Malaba na Tororo, na vijana wengi wa Uganda wa rika lake walikwenda na kurudi kwa njia hiyo. Shule hii ya Kenya ilimfunza mambo ambayo Makerere haikumfunza: jinsi chama cha siasa kinavyojengwa kwa watu wa mishahara midogo, na jinsi serikali inavyoweza kukivunja kwa amri moja. Aliporejea nyumbani katikati ya miaka ya 1950 aliingia katika chama cha Uganda National Congress, akawakilisha Lango katika Baraza la Kutunga Sheria, na mwaka 1960 akawa kiongozi wa chama kipya cha Uganda People's Congress, yaani UPC. Kwa kuungana na Kabaka Yekka, chama cha wafuasi wa Kabaka, alishinda uchaguzi wa Aprili 1962. Tarehe 9 Oktoba mwaka huo Uganda ikawa huru, naye akiwa Waziri Mkuu.

Jambo la kwanza linalostahili kuangaliwa kwa makini ni kura ya maoni ya tarehe 4 Novemba 1964. Wananchi wa Buyaga na Bugangaizi, zile kaunti zilizopokwa Bunyoro na kupewa Buganda enzi za ukoloni, waliulizwa wanataka kubaki wapi. Walichagua kurudi Bunyoro kwa wingi mkubwa. Kura hiyo haikuwa ya taifa zima. Ilikuwa ya kaunti mbili tu. Lakini ilimwonyesha Obote kwamba swali likiwekwa wazi mbele ya wananchi wa kawaida, wao hulijibu bila kigugumizi, na kwamba jibu lao laweza kuvunja ushirika wa wakubwa. Muungano wake na Kabaka haukupona baada ya hapo. Ni ajabu, basi, kwamba mtu aliyeiona nguvu ya kura kwa macho yake aliwanyima Waganda kura nyingine ya kitaifa kwa muda wote uliosalia wa utawala wake wa kwanza. Bunge lililochaguliwa mwaka 1962 liliongezewa uhai, katiba ikabadilishwa mwaka 1966 na tena mwaka 1967, na kutoka 1962 hadi 1980 Uganda haikufanya uchaguzi mkuu hata mmoja. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa uhuru alikuwa na umri wa miaka 18 sanduku la kura liliporudi.

Yaliyotokea Mengo mwezi Mei 1966, Kabaka Mutesa alipoikimbia ikulu yake chini ya risasi za jeshi lililoongozwa na Idi Amin, yameandikwa kwa wino mwingi, na hapana haja ya kuyarudia. Kwa watu wa mpakani, tukio lililokuwa na uzito zaidi mwaka huo lilitokea kimyakimya. Tarehe 15 Agosti 1966 Benki ya Uganda ilifungua milango yake. Kenya na Tanzania nazo zilianzisha benki kuu zao mwaka huohuo, na shilingi ya pamoja ikaanza kuondolewa. Kwa jina na kwa thamani shilingi hizo tatu zilikuwa sawa, na mwaka 1967 Obote, Kenyatta na Nyerere walitia saini Kampala mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakiahidi kuwa soko lingebaki moja. Hata hivyo, noti zenye sura tofauti zilikuwa zimekwisha kuzaliwa, na kabla ya miaka mingi kupita, sheria za udhibiti wa fedha zikazifanya kuwa wageni wa kukaguliwa zinapovuka mpaka. Kuanzia hapo Busia haikuwa tena mji mmoja wenye majina mawili ya serikali; ikawa mahali pa kubadilishia fedha.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Obote alielekea mrengo wa kushoto. Mwaka 1969 alitoa waraka wa mwananchi wa kawaida, ulioahidi kwamba mali ya nchi ingewafaa wengi badala ya wachache. Mwezi Desemba mwaka huo alipigwa risasi Lugogo, akanusurika. Tarehe 1 Mei 1970, katika uwanja wa Nakivubo, alitangaza kuwa serikali ingechukua asilimia 60 ya hisa za mabenki na makampuni makubwa. Mwezi Julai akatoa pendekezo la pekee kabisa kuhusu uchaguzi: kila mgombea ubunge angesimama katika jimbo lake na katika majimbo mengine matatu ya sehemu nyingine za nchi, ili asiweze kushinda kwa kutegemea kabila lake peke yake. Wataalamu wengi wamelicheka pendekezo hilo. Halistahili kuchekwa. Lilikuwa jaribio la kweli la kutafuta dawa ya ukabila ambao mpaka leo unazisumbua chaguzi za kanda hii, ingawa mtungaji wake alikuwa amechelewa mno kuwakabidhi wananchi sanduku lenyewe.

Mwananchi wa kawaida, hata hivyo, alikuwa na uraia. Mwaka huohuo wa 1970 serikali ya Obote iliamua kuwaondoa wafanyakazi wasio raia, na wengi wao walikuwa Wakenya: Waluo, Waluhya na wengineo waliofanya kazi katika reli, viwanda vya Jinja, mashamba ya miwa na bandari za ziwani. Maelfu kwa maelfu walirudi Kenya, na milango yao ilikuwa Malaba na Busia. Walikuja na magodoro, baiskeli na watoto waliosoma Kiganda shuleni. Obote aliyekuwa kibarua Kenya alisahau, au aliamua kusahau, kwamba naye aliwahi kula jasho lake katika nchi isiyo yake. Katika wasifu wote huu hapana doa linaloonekana wazi zaidi kutoka upande wa Kenya. Kwa wengi wa waliofukuzwa, mpaka uliokuwa njia ukawa ukuta, na baadhi yao hawakupata tena kazi ya mshahara.

Tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, Amin alitwaa serikali. Miaka minane iliyofuata Obote aliishi Tanzania, mgeni wa Nyerere. Miaka hiyo si ya wasifu wake kwa hakika, lakini bila kuieleza haiwezekani kuelewa kilichomngoja aliporudi.

Amin aliwafukuza Waasia mwaka 1972, viwanda vikafa, na bidhaa zikaadimika. Thamani rasmi ya shilingi ya Uganda iliachwa palepale juu, huku thamani yake ya kweli ikiporomoka. Mkulima wa kahawa alilipwa na bodi ya serikali kwa noti ambazo hazikununua chochote dukani. Mwaka 1975 baridi kali iliiunguza mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapaa mwaka 1976 na 1977. Nani, akiwa na gunia la buni karibu na mpaka, angelipeleka kwa bodi iliyolipa karatasi? Kahawa ilivuka usiku kwa vichwa, kwa baiskeli na kwa malori, ikapitia Chepkube chini ya Mlima Elgon, ikapitia Malaba, ikapitia Busia na vijia vya Samia. Upande wa pili ilirudi sukari, sabuni, chumvi, mafuta ya taa na vitambaa. Biashara hiyo ikapata jina la Kiswahili ambalo hata Kampala, mji usiokipenda sana Kiswahili, ililikubali bila kulitafsiri: magendo. Na matajiri wake wapya wakaitwa mafutamingi. Maneno haya mawili yanastahili nafasi katika historia ya lugha yetu, kwa kuwa yalieleza uchumi wa nchi nzima kabla ya wataalamu wa Washington kufika na istilahi zao.

Ndiyo Uganda ambayo Obote aliirudia mwezi Mei 1980, baada ya vita vya 1979 vilivyomng'oa Amin. Uchaguzi ulifanyika tarehe 10 Desemba 1980. Kampeni zilikuwa za vyama vinne, ushindani mkubwa ukiwa kati ya UPC na chama cha DP cha Paul Ssemogerere. Kura zilipokuwa zikihesabiwa, Paulo Muwanga, mwenyekiti wa Tume ya Kijeshi na mwandani wa Obote, alitoa amri kwamba hakuna mtu angetangaza matokeo bila idhini yake. Amri hiyo iliiharibu kura yote. Waangalizi wa Jumuiya ya Madola, pamoja na dosari walizoziona, waliyakubali matokeo. Lakini DP iliamini imeporwa ushindi, na Yoweri Museveni, ambaye chama chake kidogo kilipata kiti kimoja tu, aliingia msituni mwezi Februari 1981. Hivyo Obote alianza utawala wake wa pili akiwa na madeni mawili: deni la fedha lililoachwa na Amin na vita, na deni la uhalali lililoachwa na kura hiyo. Tofauti ni kwamba deni la pili halikuwa na mkopeshaji wa kulifuta.

Kuhusu deni la kwanza alitenda kwa kasi iliyowashangaza wote. Mtunzi wa waraka wa mwananchi wa kawaida, aliyetaifisha makampuni mwaka 1970, alijipa mwenyewe Wizara ya Fedha na kuwaita Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia. Mwezi Juni 1981 shilingi iliachwa ijitafutie thamani yake sokoni. Dola moja ya Marekani, iliyokuwa ikiuzwa rasmi kwa shilingi zipatazo 8, ikawa shilingi zipatazo 78. Udhibiti wa bei ukaondolewa kwa bidhaa nyingi, matumizi ya serikali yakabanwa, na bei ya kahawa kwa mkulima ikapandishwa mara kadhaa.

Maana ya mabadiliko haya haieleweki mpaka hesabu ifanywe. Kabla ya Juni 1981, mtu aliyekuwa na jamaa serikalini aliweza kupewa kibali cha kununua dola 1,000 kwa shilingi 8,000. Akiagiza sabuni kwa dola hizo, aliiuza kwa bei ya magendo, ambayo ilikuwa mara kumi au zaidi ya gharama yake. Hakulima, hakufuma, hakusafirisha. Alipewa karatasi yenye muhuri. Thamani ya juu ya shilingi, iliyotetewa kama fahari ya taifa, ilikuwa kwa hakika ruzuku kwa walio karibu na mamlaka, na mlipaji wa ruzuku hiyo alikuwa mkulima wa kahawa. Mtu anayedhani kwamba masharti ya wakopeshaji daima huwaumiza maskini na kuwafaa matajiri anapaswa kulitazama jambo hili tena. Mkulima wa Bugisu au Busoga alipata nafuu. Mauzo rasmi ya kahawa, zao lililokuwa likileta zaidi ya asilimia 90 ya fedha za kigeni za Uganda, yalipanda, na sehemu kubwa ya magendo ya kahawa kuelekea Kenya ikapoteza faida yake.

Lakini kuna upande mwingine. Mwalimu, muuguzi na karani waliishi kwa mshahara, na mishahara haikuifuata bei ya unga. Mtu aliyekuwa akiishi kwa bei rasmi ya bidhaa, walau siku zile zilipopatikana, sasa alizikuta dukani zimejaa na mfuko wake ukiwa mtupu. Ndipo wafanyakazi wengi walipoanza kuishi kwa kazi mbili au tatu, na wengine wakaifuata barabara ya mashariki. Busia na Malaba zilipokea watumishi wa umma waliokuwa wachuuzi mwisho wa juma. Kenya yenyewe haikuwa salama sana: ilikuwa imechukua mkopo wake wa kwanza wa kurekebisha uchumi kutoka Benki ya Dunia mwaka 1980, na shilingi yake ilishushwa thamani mwaka 1981 na tena mwaka 1982. Kwa hiyo pande zote mbili za mpaka zilikuwa zikitii mafundisho ya daktari mmoja, kila moja kwa kipimo chake.

Mwezi Agosti 1982 mfumo ulibadilishwa ukawa wa madirisha mawili. Dirisha la kwanza lilikuwa na dola ya bei nafuu kwa mahitaji yaliyopewa kipaumbele, kama vile mafuta na ulipaji wa madeni. Dirisha la pili lilikuwa la mnada, ambapo dola iliuzwa kwa bei ya juu zaidi. Wazo lilikuwa kuyakaribiza madirisha hayo hadi yawe moja, na mwaka 1984 yaliunganishwa kwa bei iliyokaribia shilingi 300 kwa dola. Kwa muda mpango ulionekana kufaulu. Uchumi ulikua, mfumuko wa bei ukapungua, na wakopeshaji wakaitaja Uganda kama mfano mwema barani.

Je, wananchi waliulizwa? Hawakuulizwa, na hapa ndipo mjadala wa kweli kuhusu Obote unapopaswa kuwekwa. Kampeni za 1980 zilihusu nani atatawala, wala hazikumweleza mpiga kura kwamba mshindi angeishusha sarafu mara kumi katika miezi sita. Utetezi uliopo ni kwamba hatua ya namna hiyo haiwezi kutangazwa mapema, kwani siku ya kutangazwa kila mwenye noti angekimbilia kuzibadilisha, na wa kwanza kufika angekuwa mlanguzi wa Busia. Utetezi huu una nguvu. Hata hivyo, unahusu siku ya kutekeleza tu. Hauhusu swali kubwa la iwapo nchi ikubali mkopo na masharti yake, nani abebe mzigo na kwa muda gani. Mataifa mengine yamejaribu kuliuliza. Nigeria ilifungua mjadala wa kitaifa mwaka 1985 kuhusu mkopo wa Shirika hilohilo, wananchi wakaukataa, serikali ikaukataa pia, kisha mwaka 1986 ikatekeleza masharti yaleyale bila mkopo. Ugiriki iliwapigisha raia wake kura ya maoni tarehe 5 Julai 2015. Zaidi ya asilimia 61 walisema hapana, na kabla ya juma la pili kwisha serikali yao ilikuwa imeafikiana na wakopeshaji. Kwa mtazamo huo mtu aweza kusema kwamba kura kama hizo ni bure. Sivyo. Wagiriki na Wanigeria walipata angalau kujua kwamba walilolitaka lilikuwa moja na walilopewa lilikuwa lingine, na serikali zao zililazimika kujieleza. Waganda wa 1981 hawakuwa hata na kumbukumbu ya kukataa. Kenya nayo, Juni 2024, wabunge 195 walipoupitisha Mswada wa Fedha dhidi ya 106, ilibidi vijana waingie barabarani ndipo Rais akatae kuutia saini. Hiyo ni namna ya kupiga kura pale ambapo sanduku halikuletwa, na bei yake ni damu.

Suala la lugha haliwezi kuachwa nje. Mwaka 1967 Obote alitoa hotuba mashuhuri kuhusu lugha na utambulisho wa taifa, akauliza kwa uaminifu kama Uganda ingeweza kuwa taifa kwa lugha ambayo wengi wa raia wake hawaijui. Aliliona tatizo, alikiacha Kiingereza mahali pake. Matokeo yake ni kwamba mpango wa 1981 uliandikwa, ukajadiliwa na kutetewa kwa lugha ya wachache. Wengi waliujua kwa matokeo yake tu, sokoni, kwa maneno yao wenyewe.

Kilichouvunja mpango huo hatimaye hakikuwa upinzani wa mwananchi wa kawaida, bali vita. Jeshi lililopigana Luwero lilikula fedha ambazo Wizara ya Fedha ilikuwa ikizibana kwingine. Maelfu ya raia walikufa katika pembetatu hiyo, na mafuvu yaliyopangwa kando ya barabara baadaye yalikuwa hukumu ambayo hakuna takwimu ya ukuaji wa uchumi ingeweza kuipunguza. Wakopeshaji waliyaona matumizi ya jeshi na wakaendelea kukopesha. Nao wana sehemu yao. Katikati ya mwaka 1984 Obote aliongeza mishahara ya watumishi wa umma kwa kiasi kikubwa, makubaliano na Shirika la Fedha yakavunjika, na mfumuko wa bei ukarudi. Inawezekana alikuwa akijiandaa kwa uchaguzi uliotarajiwa mwaka 1985. Kama ndivyo, basi mpiga kura aliikumbukwa walau mara moja, ijapokuwa kwa nyongeza ya noti zilizoyeyuka kabla ya kutumika.

Uchaguzi huo haukufika. Tarehe 27 Julai 1985 wanajeshi wa Bazilio Olara-Okello waliingia Kampala, na Obote akaifuata barabara ileile ya mashariki iliyofuatwa na kahawa, vibarua na walimu wachuuzi, akavuka mpaka na kuingia Kenya. Hakukaa. Alipelekwa Zambia, akaishi Lusaka miaka 20.

Waliomfuata hawakuenda mbali na njia yake. Serikali ya Museveni ilijaribu kwanza kuipandisha na kuishikilia thamani ya shilingi mwaka 1986, magendo yakarudi Busia kana kwamba hayakuwahi kuondoka, na mwezi Mei 1987 ikawageukia wakopeshaji walewale. Sufuri mbili zilifutwa katika kila noti, na asilimia 30 ikakatwa kama kodi ya kubadilisha. Aliyekuwa ameficha fedha za Uganda chini ya godoro Malaba, upande wa Kenya, alipata hasara maradufu. Mwaka 1998 Uganda ilikuwa nchi ya kwanza duniani kupata nafuu chini ya mpango wa kuzisaidia nchi maskini zenye madeni makubwa. Katika hayo pia hapakuwa na kura. Kura za maoni za 2000 na 2005 zilihusu vyama vya siasa.

Obote alifariki Johannesburg tarehe 10 Oktoba 2005, siku moja baada ya kumbukumbu ya uhuru alioupokea. Serikali ya Museveni, adui wake wa robo karne, ilimfanyia mazishi ya kitaifa, na akazikwa Akokoro. Miezi miwili na siku kadhaa kabla ya kifo chake Waganda walikuwa wamepiga kura kuvirudisha vyama vingi, na wiki sita baadaye Wakenya waliikataa katiba iliyopendekezwa, katika kura iliyopigwa Busia na Malaba kama kwingineko nchini. Mwezi Februari 2006 mjane wake, Miria, aligombea urais kwa tiketi ya UPC. Alipata chini ya asilimia moja ya kura.